Kompyuta Huuliza Kwanza, Mbona Sisi Hatuulizi?

Mhariri alituomba wanachama tuandike maoni kuhusu jambo linalotukereketa rohoni. Najua wengi wataandika juu ya karo, nidhamu na mavazi. Mimi nitaandika juu ya waya. Usicheke! Waya huo ulimfanya mwenzetu akae nyumbani siku nne, na kosa halikuwa lake.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika maabara yetu ya kompyuta kuna mashine moja karibu na dirisha ambayo ndiyo tegemeo la kila mtu. Nyuma yake palikuwa pamechomekwa habu, yaani kile kidude kinachougeuza mlango mmoja wa USB kuwa milango minne. Kwenye habu hiyo kulikuwa na kibodi, kipanya na diski ya nje yenye miradi ya watahiniwa wa kidato cha nne. Mwenzetu mmoja wa kike akachomeka flashi yake katika tundu lililobaki ili aandike insha ya gazeti hili hili unalolisoma. Papo hapo diski ikalia ta! ta! ta! ikatoweka kwenye skrini. Miradi haionekani! Kelele zikazuka, "Ameharibu! Ameleta virusi!" Kabla ya kengele ya saa kumi alikuwa na barua mkononi: aje na mzazi, na mzazi aje na pesa za diski.

Hakuna aliyemwuliza lolote. Hata mimi niliyekuwa kando yake nilinyamaza kimya kama maji mtungini. Hilo nalikiri wazi.

Jumamosi nilikwenda kwa mjomba wangu ambaye hutengeneza kompyuta mjini. Nikamweleza. Akanitazama, akasema, "Mmemhukumu mtoto wa watu na hamjui hata vitu hivyo huongeaje!" Basi akaniketisha, na niliyoyasikia siku hiyo ndiyo ninayotaka wewe pia uyasikie.

Hapo zamani kila kifaa kilikuwa na mlango wake nyuma ya kompyuta. Printa ilikuwa na plagi yake pana, kipanya yake, kibodi yake. Ukitaka kuongeza kifaa, mara nyingi ulilazimika kuizima mashine kwanza. Mnamo Januari 1996 kampuni saba, miongoni mwao Intel, IBM na Microsoft, zilitoa mwongozo wa kwanza wa USB. Lengo lilikuwa plagi ya aina moja na njia moja itakayotumiwa na vifaa vingi. Njia ya pamoja namna hii wataalamu huiita basi. Jina limetoka katika neno la Kilatini, omnibus, maana yake "kwa ajili ya wote", na ndilo lililozaa basi tunalopanda barabarani.

Sasa, wengi wakiongea kwa pamoja katika njia moja, nani atasikilizana? Fikiria darasa letu mwalimu akiwa hayupo. Ni soko tupu! Kwa hivyo USB ina sheria moja kubwa: kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Kompyuta ndiyo mwalimu mwenye rejista. Huita, "Kipanya, una habari?" Kipanya hujibu, "Nimesogezwa," au, "Sina." Kisha huita kibodi, halafu diski. Ujumbe wa kompyuta unaweza kupita mbele ya vifaa kadhaa, lakini anayejibu ni yule tu aliyetajwa kwa namba yake. Kipanya cha kawaida huulizwa zaidi ya mara mia moja kwa sekunde. Ndiyo maana wewe hudhani kinajisemea chenyewe, kumbe kila mara kimeitwa!

Na mgeni akija je? Hapo ndipo niliposhangaa, bana. Kifaa kipya kikichomekwa hakipewi kazi ovyo ovyo, wala hakifukuzwi. Kwanza huitwa kwa anwani sifuri, ile ya wageni. Kompyuta hukiuliza: wewe ni nani? Umetengenezwa na nani? Kazi yako ni gani? Unahitaji umeme kiasi gani? Humo humo katika kuulizwa hupewa namba yake mwenyewe kati ya 1 na 127, na kikijibu yote huwa mwanafunzi kamili wa darasa. Ujumbe ukiharibika njiani, kompyuta haikasiriki. Kwa kawaida hujaribu tena, na ikishindwa mara tatu ndipo husema kuna hitilafu.

Swali la umeme ndilo lililokuwa kiini cha msiba wetu. Waya wa USB haubebi habari tu, hubeba na chakula: umeme wa volti 5. Katika USB ya pili, iliyotoka mwaka 2000, mlango mmoja wa kompyuta hupaswa kutoa hadi miliampea 500. Habu isiyo na waya wake wa ukutani haina umeme mwingine, inagawa huo huo. Kwa sheria hutenga takribani miliampea 100 kwa kila tundu. Kipanya hutosheka, kibodi hutosheka. Lakini diski ya nje ina sahani inayozunguka, ni mlaji mkubwa! Ilikuwa ikila sahani ya wenzake siku zote na hakuna aliyejua. Flashi ilipoongezwa, sufuria moja ikashindwa kuwalisha watu wanne. Umeme ukapungua, diski ikakosa nguvu ya kuzunguka, ikalia, ikatoweka.

Jumatatu nilimwomba mwalimu wa kompyuta, kwa unyenyekevu, aichomeke diski moja kwa moja kwenye mashine bila habu. Akaichomeka. Miradi yote ikatokea, hata mmoja haukukosa! Mwenzetu akarudishwa kesho yake. Lakini mamake, ambaye huuza mboga sokoni, alikuwa amefunga kibanda siku nzima kuja kusimama mlangoni pa ofisi, na alikuwa ameshakopa nusu ya pesa. Neno "pole" lilitamkwa upesi upesi, basi, yakaisha.

Kwangu mimi hayajaisha, na maoni yangu ni haya. Somo la kompyuta tunalofundishwa ni la vidole tu: bonyeza hapa, hifadhi pale. Tunakariri kwamba kibodi ni kifaa cha kuingiza na printa ni cha kutoa, tunapata alama, tunapigiwa makofi. Vinavyoongea hatujui. Na mtu asiyejua kitu hufanyaje kitu kinapokwama? Hutafuta wa kulaumiwa. Zamani walitafuta mchawi, sisi tunatafuta aliyegusa mwisho.

Wapo watakaosema silabasi ni ndefu na muda hautoshi. Mjomba alinieleza yote haya kabla chai haijapoa. Wengine watasema mwanafunzi akijua ya ndani atakuwa mtundu, aharibu mashine. Nauliza, ni nani aliyeziba tundu la mwisho la habu kwa kujua? Tungalijua, tungaliihamisha diski mapema na flashi isingalimdhuru mtu.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kipindi kimoja kila muhula kiwe cha kufundisha jinsi kompyuta inavyoongea na vifaa vyake, kifaa kikiwa mkononi. Pili, ukutani mwa maabara ibandikwe karatasi inayosema wazi kwamba diski ya nje ichomekwe kwenye mashine yenyewe, au habu iwe na umeme wake. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwanafunzi yeyote asipewe barua ya kwenda nyumbani kabla mashine haijapimwa mbele yake na yeye mwenyewe hajaulizwa kilichotokea.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kompyuta haina moyo wala haijaenda kanisani au msikitini, lakini hata kipanya cha bei rahisi kabisa hukiuliza, "Wewe ni nani, na unahitaji nini?" kabla ya kukiamulia lolote. Sisi tulishindwa kumpa mwenzetu swali hilo moja.

Insha yake haimo katika gazeti hili. Tangu arudi huketi safu ya nyuma maabarani, mikono mapajani, na zamu yake ikifika husema, "Pita wewe." Nimemwachia nafasi karibu na dirisha. Naomba na wewe umwulize kama atakuja.