Shemasi, katekista na kikombe cha maji

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya mtihani wa P.7, lakini mnivumilie, hiyo itangoja kidogo. Kuna swali lilinifikia kwa mdomo, si kwa karatasi, na tangu siku hiyo halikuniacha nipumzike.

Mama mmoja wa block ya chini alikuja darasani jioni, wakati nafuta ubao. (Amenipa ruhusa kuandika, ila jina hapana.) Alivuka mpaka wa Mpondwe mwaka 2021 na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa binti wa miezi saba, ana homa tangu njiani. Walilala Bwera, kwenye baraza ya nyumba ya watu wema. Usiku wa tatu mtoto akabadilika. Mwenye nyumba akakimbia kuita jirani, mzee mwenye rozari shingoni. Yule mzee akamuuliza mama kama anataka mtoto abatizwe, mama akasema ndiyo. Akachota maji ya jerikani kwa kikombe cha plastiki, akammwagia mtoto kichwani mara tatu, akataja jina. Mtoto alikufa kabla jogoo hajawika. Kesho yake mzee huyo huyo ndiye aliongoza sala kaburini.

Mama anasema wakati ule alipata amani. Shida imeanza hapa kambini. Katika jumuiya, mwenzake mmoja alimwambia: yule mtu alikuwa na mke, wewe mwenyewe ulimwona, si ndiye aliyekuletea uji? Padre hana mke. Basi mtoto wako hakubatizwa, na yale mazishi yalikuwa kufukia udongo tu. Mwingine akasema hapana, yule alikuwa shemasi, na shemasi anaruhusiwa mke. Wa tatu akasema shemasi ni yule anayepitisha kikapu cha sadaka, sasa atabatizaje? Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mama amekaa katikati yao, mwenye mtoto.

Akaniuliza: "Mwalimu, wewe umesoma. Mtoto wangu ni Mkristo ao si Mkristo?"

Jamani, mimi nimemaliza sekondari tu. Seminari sijaingia hata kwa kupita. Lakini siwezi kumwambia mama kama huyo kwamba silabasi yangu haina swali lake. Nikamwomba wiki mbili.

Nisiwazungushe: mtoto ni Mkristo, amebatizwa kabisa. Sheria ya Kanisa Katoliki, ile iliyotolewa mwaka 1983, inasema wahudumu wa kawaida wa ubatizo ni askofu, padre na shemasi. Lakini pakiwa na hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi awe na nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya. Anatumia maji ya kweli na maneno ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Maji ya jerikani ni maji. Wakunga wetu wa Kivu wamefanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyewauliza cheti cha ndoa.

Hilo la kwanza nililijua toka kwa katekista wa utoto wangu. La ushemasi ndilo lilinipa kazi, maana kila dhehebu hapa kambini lina shemasi wake. Kwa makanisa mengi ya kipentekoste shemasi anachaguliwa na waumini, anaangalia sadaka, wagonjwa na viti, na wanawake wamo. Kwa Waanglikana shemasi anawekewa mikono na askofu, na kwa kawaida baadaye anakuwa kasisi. Kwa Wakatoliki wapo wa namna mbili. Kuna kijana wa seminari anayekaa ushemasi miezi michache halafu anapewa upadre. Huyo ndiye tumezoea kumwona, hana mke na hataoa. Halafu kuna shemasi wa kudumu, ambaye anabaki hapo hapo mpaka kufa, na anaweza kuwa mtu wa ndoa.

Huyu wa pili si mtindo mpya wa Wazungu. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6, mtaona jambo mnalolijua vizuri kuliko wahubiri wengi: ugomvi wa mgao. Wajane wa waliosema Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye chakula cha kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwafokea wala hawakuwaambia wasubiri mwezi ujao. Waliagiza wachaguliwe wanaume saba wa kusimamia, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni majina ya Kiyunani. Yaani kazi walipewa watu wa upande uliolalamika. Mimi naona hapo kuna akili ambayo kamati nyingi za chakula hazina, lakini tuendelee. Filipo huyo alikuwa na binti wanne, sura ya 21 inawataja. Na ndiye aliyembatiza msafiri Mwethiopia njiani, kwenye barabara ya Gaza, kwa maji waliyoyakuta pale pale.

Baadaye, upande wa Magharibi, ushemasi ukawa ngazi tu ya kupandia upadre, miaka mamia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua tena mlango mwaka 1964, na Papa Paulo wa Sita akatoa utaratibu tarehe 18 Juni 1967. Mwanamume mwenye ndoa awe ametimiza miaka 35, asiye na ndoa 25. Asome na kulelewa, kwa kawaida miaka mitatu. Na mke akubali. Bila kukubali kwa mke, askofu hawezi kumwekea mikono.

Maisha yake ya kila siku sasa. Anaamka, anasali Masifu ya asubuhi, kiisha anaenda kazini kama wewe: shuleni, shambani, dukani. Mwenye kazi ya dunia anatakiwa ajilishe yeye na familia kwa kazi hiyo. Jioni ndiyo wagonjwa, wafungwa, wanandoa wenye shida. Jumapili anasoma Injili na kuhubiri, stola yake imekaa bega la kushoto na kushuka upande, siyo shingoni kama ya padre. Anabatiza, anabariki ndoa akipewa ruhusa, anazika, anagawa Komunyo. Misa haadhimishi, maungamo hasikilizi, mpako wa wagonjwa hatoi. Na mkewe akifa, kwa kawaida haoi tena. Hapo ndipo wazee wetu wa ukoo wanapokohoa.

Duniani wapo kama 50,000, wengi sana Marekani na Ulaya. Kwetu Afrika ni wachache mno. Sababu moja nimeiona kwa macho yangu Bwera, nitaisema.

Kwa bahati nilikuwa na safari ya Kasese kufuata karatasi zangu za shule. Kasese kuna joto ambalo kichwa kinauma, na kanisa kuu la jimbo pale linaitwa la Bikira Maria wa Theluji. Nilicheka peke yangu mpaka asubuhi mawingu yalipofunguka, nikaona weupe kule juu Rwenzori. Jimbo lenyewe lilizaliwa mwaka 1989, likitolewa kwenye jimbo la Fort Portal. Askofu wa kwanza alikuwa Egidio Nkaijanabwo, na tangu 2014 ni Francis Aquirinus Kibira. Ukiangalia milima ile utaelewa shida ya padre: parokia iko chini barabarani, vigango viko juu, wengine wanapandiwa kwa miguu tu, na mvua ikinyesha mto unakata njia.

Kutoka Kasese nilipanda taksi, tukashuka hadi Kikorongo, tukakata kulia, Kisinga, mpaka Bwera. Tulikuwa abiria wengi kuliko viti, hilo mnalijua. Mama alikuwa amenielekeza: muembe mkubwa, nyumba ya mabati yenye baraza, uulize mzee wa rozari. Sikuuliza zaidi ya mara mbili. Kikonzo chao na Kinande chetu ni kama ndugu wa tumbo moja, nikasalimu nikaitikiwa.

Mzee alikuwa anaanika kahawa kwenye turubai. Nikamwamkia, "Shikamoo Tata," nikajieleza. Aliposikia habari ya mtoto aliacha kahawa, akakaa. Akasema, "Mwalimu, nakumbuka. Ulikuwa usiku wa mvua."

Nikamuuliza moja kwa moja: wewe ni shemasi? Akacheka sana. Hapana, yeye ni katekista, miaka ishirini na kitu. Watu wa pale wengine wanamwita shemasi kwa heshima tu, hasa jirani zake wa makanisa mengine. Hakuwekewa mikono na askofu. Lakini Jumapili padre asipofika, yeye anaongoza ibada ya Neno. Anafundisha wakatekumeni, anatembelea wagonjwa, na kifo kikitokea na hakuna padre wala shemasi, anaongoza sala za mazishi kwa ruhusa ya paroko. Malipo? Akanionyesha kahawa yake kwa kidevu. Hiyo ndiyo ile sababu niliyosema: hizi kazi ambazo kwingine wanafanya mashemasi wa kudumu, kwetu zimebebwa na makatekista tangu mwanzo wa Ukristo, na wengine wamezifia. Uganda wana Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana waliouawa Paimol mwaka 1918 na kutangazwa wenyeheri mwaka 2002. Kwa maoni yangu, mtu akisema "ni katekista tu", hilo neno "tu" aliondoe.

Nikamtania, je, mlango ukifunguliwa jimboni, atakubali ushemasi? Kabla hajajibu mke wake, aliyekuwa ndani anasonga ugali, akajibu yeye. Akasema: "Tayari naoa Kanisa pamoja naye, na Kanisa halinisaidii kupalilia. Wakitaka niseme ndiyo, waje waniulize mimi, na waje na jembe." Mzee akanyamaza akiangalia turubai. Baadaye alinisindikiza akaniambia taratibu kwamba angependa, lakini mama yule ameshabeba mengi. Usiku akiitwa kwa mgonjwa, ni mke anayebaki na watoto na hofu. Msisahau kwamba ni pale pale Mpondwe ambapo usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Sehemu kama hiyo, mlango ukigongwa usiku, kusimama na kuufungua si jambo dogo. Yeye anaufungua. Nilifikiri juu ya yule mama wa uji, sasa namwona vizuri zaidi.

Nikamwambia kilichonileta hasa: wanasema mtoto hakubatizwa. Hakukasirika. Alisema aliyebatiza kwa dharura lazima amwarifu paroko ili iandikwe, na yeye wiki ile ile alishuka na boda kwenda kuarifu, sababu aliona mama atahama na hatakuwa na ushahidi. "Twende," akasema. Tukaenda wote wawili parokiani. Karani alitafuta muda mrefu, vitabu vile ni vikubwa na vumbi lake ni la kweli. Mimi nilikuwa nimeanza kuomba kimya kimya, kwa maana ningerudi na nini?

Kisha kidole chake kikasimama. Jina la mtoto, jina la mama, "amebatizwa katika hatari ya kufa", tarehe, na jina la mzee kama mhudumu. Mstari mmoja wa wino wa bluu. Karani akaniandikia nakala, akaipiga muhuri.

Kwa wanaotaka kufanya hivyo: kama mwanao alibatizwa wakati wa kukimbia, jaribu kukumbuka mahali, mwezi, jina la aliyebatiza na mtu aliyeshuhudia, halafu mwone katekista wa block yako. Hata kama kitabu hakipatikani, shahidi mmoja wa kuaminika anaweza kutosha. Na wale wa madhehebu mengine, waulizeni viongozi wenu, kila kanisa lina utaratibu wake.

Nilirudi siku ya mgao, nikamkuta mama kwenye foleni. Nilitaka tungoje nyumbani, akakataa, akasema nipe hapa hapa. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Akaniambia nisome tena jina, nikasoma. Akaomba nimwonyeshe liko wapi kwenye karatasi, nikamwekea kidole chake juu yake. Yule mwenzake wa jumuiya alikuwa watu watatu nyuma yetu. Alitoka kwenye nafasi yake, akaja, akamshika mkono, hawakusema neno. Nafasi yake ikachukuliwa, na hakulalamika.

Karatasi sasa imefungwa kwenye plastiki pamoja na kadi ya mgao. Habari ya mtihani wa P.7 ni mwezi ujao, bila kukosa.