Vifaa vya Kayaki: Kinachochakaa Kwanza Si Chombo



Baadhi ya vijana wetu hapa Randburg wameanza kupiga kafi katika Bwawa la Emmarentia, na wengine hupelekwa mwisho wa juma hadi Parys, ambako Mto Vaal hupenya katikati ya miamba na kufanya mikondo ya kasi. Waliokulia Jinja hawahitaji kuambiwa nguvu ya maji ya namna hiyo, ijapokuwa maporomoko ya Bujagali yamekwisha kufunikwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012.

Vifaa vipya ni ghali, basi wazazi hununua vilivyokwisha kutumika. Hilo si kosa. Ila wengi hukikagua chombo kwa makini, kisha hulipokea jaketi la kuokolea maisha bila kulitazama mara mbili.

Chombo kina uvumilivu mkubwa. Kayaki nyingi za maji ya kasi hutengenezwa kwa politheni, plastiki ya jamii moja na ile ya matangi ya JoJo tuyaonayo nyuani. Jiwe huikwaruza tu, na mikwaruzo isiwatishe. Adui wake ni jua. Mionzi yake ikaushayo plastiki huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, nasi tunakaa juu sana. Chombo kilichoanikwa uani miaka mingi hupauka, kisha huwa kikavu chenye kuvunjika. Tazameni chini ya kiti na kando ya matundu ya skrubu: ufa mwembamba kama unywele ukionekana hapo, kiacheni.

Jaketi ni jambo jingine. Ndani yake mna sponji yenye vitundu vya hewa vilivyofungwa. Likikaliwa kama mto, likibanwa chini ya mizigo au likiachwa siku zote ndani ya gari lililo juani, sponji husinyaa pole pole, hali kitambaa cha nje kingali kizuri machoni. Nyuzi na mikanda nayo hulika kwa jua. Ivuteni kwa nguvu zote kabla ya kutoa fedha.

Kipimo chake ni rahisi. Jaketi la mtu mzima la niutoni 50 lapasa kuinua takribani kilo 5 majini. Litumbukizeni, mlikamue hewa iliyonaswa kitambaani, kisha mlifungie bamba la chuma la kilo 5, lile la wanyanyua vyuma. Chuma hupungua uzito kiasi kikiwa majini, kwa hiyo jaketi likizama hapo, halina utetezi. Likateni vipande, lisije likamfikia mtoto wa jirani.

Kofia ngumu yenye ufa haiungwi kwa gundi. Na zile shingo na mikono ya mpira katika nguo za kuzuia maji huharibiwa na mafuta ya kujipaka, ambayo sisi watu wa pwani hatuyaachi hata tukienda mtoni! Oshwe mwili kwanza, ndipo nguo ivaliwe. Baada ya safari, vyote visuuzwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini.

Bamba la kilo 5 lipo kwa mwandishi wa safu hii. Atakaye kuliazima na aje nalo jaketi lake, tulipime pamoja.