Mwosha gari, rudi hatua moja nyuma

Mashine za presha sasa ziko kila kona ya miji yetu, kuanzia vituo vikubwa vya mafuta hadi pale chini ya mwembe ambapo kijana ana tangi la maji, pampu na ndoo mbili. Hatuna ugomvi na mashine hizi. Zinaokoa muda, na hutumia maji kidogo kuliko mpira ulioachwa ukimwagika. Ugomvi wetu ni na papara ya wanaozishika, na ukimya wa wenye magari wanaolipa huku macho yao yako kwenye simu.

Tuanze na hesabu. Upepo wa tairi la gari dogo ni takriban PSI 32. Mashine ya kawaida ya kuoshea magari husukuma maji kwa PSI 1,500 hadi 2,000, na zile za injini ya petroli huweza kupita 3,000. Maji hayo yanapiga nini? Rangi ya kiwandani, tangu praima hadi klia, kwa kawaida haizidi sana unene wa milimita 0.1 hadi 0.15. Klia peke yake, ile inayong'aa juu, haifiki hata nusu ya hapo.

Rangi nzima huvumilia. Inayobanduka ni ile ambayo tayari ina jeraha. Angalia ukingo wa mbele wa boneti ya gari linalosafiri njia kuu: kokoto zinazorushwa na malori zimeacha vidoa vidogo vya ukubwa wa punje ya mchele. Maji ya kasi yakiingia kwa mshazari chini ya ukingo wa kidoa kimoja, huinua rangi iliyo jirani, na kidoa kinakuwa cha ukubwa wa sarafu. Bati limebaki wazi, na kwa aliye pwani, hewa ya chumvi haichelewi kuleta kutu.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye mlango au bampa lililonyooshwa, likapigwa puti na rangi mpya. Magari mengi huku yananunuliwa yakiwa yameshatumika, na mengi yamepita kwa fundi rangi bila mwenye gari wa sasa kujua. Kazi ya gereji mara nyingi haishiki kama ya kiwandani. Rangi ikiwa mbichi, mafundi wengi hushauri isipigwe presha kwa takriban siku 30.

Kinga yake haina gharama. Mdomo wa mashine ukae angalau sentimita 30 kutoka kwenye bodi, na mbali zaidi penye kidoa, stika au ukingo wa raba. Ukiupunguza umbali huo kwa nusu, nguvu ya maji huongezeka maradufu au zaidi. Maji yatoke yakiwa yametanuka: kwa mashine nyingi, mdomo mweupe wa nyuzi 40 ndio wa bodi, na mwekundu unaotoa mstari mmoja mwembamba usiguse gari kabisa. Mkono usitulie mahali pamoja. Gari lioshwe kivulini, bati likiwa limepoa, kwa shampuu ya magari, si sabuni ya unga ya kufulia. Na mchanga uondoke wote kwa maji kabla sponji haijagusa rangi, la sivyo sponji hiyo inageuka msasa.

Presha isielekezwe karibu kwenye ubavu wa tairi, kwani inaweza kuumiza nyuzi za ndani bila kuonekana kwa nje. Kwenye injini, alteneta, soketi za nyaya na kompyuta ya gari havitaki maji ya kasi. Gari lililoingia likiwaka vizuri linaweza kuondoka likisukumwa.

Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko rangi. Mshale wa maji ya presha hupenya ngozi. Jeraha lake huonekana dogo, pengine kitundu tu, lakini ndani limebeba maji na uchafu. Ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, si la kufungwa kitambaa. Umeme nao ni hatari: kijana aliyesimama ndani ya maji kwa ndala, akivuta waya wa umeme uliounganishwa kwa utepe, anafanya kazi akiwa hatua moja kutoka kifo.

Kwa hiyo tunasema hivi. Mwenye sehemu ya kuoshea magari anunue gambuti, aweke swichi ya kukata umeme unapovuja, na amfundishe kijana kazi kabla ya kumkabidhi mashine. Kumlipa kwa idadi ya magari peke yake ni kumwambia aharakishe. Na wewe mwenye gari, mwonyeshe mapema palipobanduka na palipopigwa puti. Ukiona anasogea mno, mwambie kwa upole arudi nyuma. Usione haya: gari ni lako, na bili ya fundi rangi utailipa wewe.