Cherehani, Biblia na nauli ya daladala

Naandika haya nikiwa Chitete. Kwa wale ndugu zangu ambao Tanzania yao inaishia Kibaha, Chitete ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na mkoa wenyewe ukakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nimekuja kikazi, lakini pia ndiko kwetu.

Jana Jumapili nilikwenda kanisani (najua baadhi yenu mnacheka, chekeni tu). Ikatangazwa sadaka maalumu ya kusaidia familia maskini za mjini zilizohamishwa kutoka mabondeni. Tukaambiwa familia hizo zitapelekewa neno la Mungu, chakula na mafunzo ya ujasiriamali. Wakulima wa ufuta na mtama wakatoa. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akafungua pindo la khanga, akatoa noti ya 1000 iliyokunjwa mara nne. Nami nikatoa. Lakini roho haikutulia, kwa sababu namfahamu mtu aliyewahi kupokea sadaka ya namna hiyo. Ni shangazi yangu.

Shangazi aliondoka huku Momba akiwa binti, akaolewa Dar, akafiwa na mume, akabaki Jangwani na watoto watatu. Mimi nilipelekwa kwake kusoma shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa vitumbua. Saa kumi alfajiri moto umeshawaka, saa kumi na mbili tumebeba ndoo kwenda Kariakoo kwa miguu. Kwa vitumbua hivyo tulikula, tukavaa, na mimi nikanunuliwa daftari.

Halafu ikaja Desemba 2011. Mvua ile wengi mnaikumbuka, mamlaka ya hali ya hewa ilisema haijanyesha namna ile Dar tangu mwaka 1954. Bonde la Msimbazi likajaa, watu takriban 40 wakafa. Sisi tulilala darasani pamoja na majirani. Mwaka 2012 serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, wakaanza na mahema huku wakigawiwa viwanja.

Tuseme ukweli, kiwanja si kitu kidogo. Shangazi hakuwahi kumiliki hata hatua moja ya ardhi Dar. Alipooneshwa mipaka yake alilia kwa furaha, nilimwona. Bondeni watu wanakufa, na anayesema wangeachwa palepale aniambie maiti wa mwaka ule alikuwa ndugu wa nani.

Tatizo likaanza wiki ya pili. Kariakoo ilikuwa imehama. Au tuseme sisi ndio tuliohama. Kwenda ni daladala mbili na kurudi mbili, na ndoo ya vitumbua inalipiwa. Ukifika mjini watu wameshakunywa chai zamani. Faida yote ya siku ikawa inaishia mkononi mwa kondakta.

Hapo ndipo walipoingia watu wa dini. Kila Jumamosi zilikuja Coaster mbili za kanisa moja kutoka mjini, na vijana wenye fulana za rangi moja, kwaya, spika kubwa, unga na maharage. Kwanza mahubiri, kisha maombi, kisha unga. Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu mwenye wajukuu wanne, alikuwa anakaa nyuma kabisa, mtandio kaushusha usoni, anasubiri mahubiri yaishe. Sitasahau mabega ya yule mama. Alimheshimu Mungu wake maisha yake yote, na sasa anapimwa kwa kilo tano za sembe.

Baadaye yakaja mafunzo. Siku tatu za kutengeneza sabuni ya maji, halafu batiki, halafu likaja cherehani moja la kutumiwa na kina mama 20. Wote walifaulu, wakapewa vyeti. Cheti cha shangazi kilikaa ukutani hadi kikaliwa na mchwa. Nikamuuliza siku moja, "Shangazi, mbona sabuni huuzi?" Akanijibu, "Mwanangu, mtaa mzima tumefundishwa sabuni. Nimuuzie nani?"

Jamani, swali hilo nimesoma chuo kikuu miaka mitatu na sijapata mhadhiri aliyeliuliza vizuri zaidi!

Baada ya mwaka na kitu alipangisha chumba Kigogo, akarudi kwenye vitumbua vyake. Kigogo, yaani bonde lilelile. Mwaka 2014 Msimbazi ukafurika tena, na 2018 tena. Gazetini ningeandika kwamba "wananchi wakaidi wamerejea mabondeni". Nimeshaandika sentensi kama hiyo, naona aibu. Shangazi hakuwa mkaidi. Alipiga hesabu, akaona mafuriko huja mara moja kwa mwaka lakini njaa huja kila siku.

Wala jambo hili si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wasio na ajira Dar walipelekwa kuanza kilimo cha ujamaa Gezaulole, upande wa Kigamboni. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvukazi. Wasio na kitambulisho cha kazi wakakamatwa mitaani, wakapakiwa na kurudishwa mikoani. Wazee wetu wanasimulia jinsi wengi walivyorudi mjini, wengine hata kabla ya lori lililowapeleka. Mtu hurudi ilipo riziki yake, na hakuna sheria iliyowahi kuizuia njaa kupanda basi.

Sasa, je, nasema watu wa dini wakae makanisani na misikitini mwao? La hasha. Huku kwetu ukitaja Mbozi Mission mzee yeyote atakwambia habari za Wamoravian, hospitali na shule. Unaweza kuwalaumu wamisionari wa zamani kwa mengi, nami nawalaumu. Lakini walikuwa na sifa moja ambayo zile Coaster mbili hazikuwa nayo. Walikaa. Walijua nani ana homa, nani ana mume mlevi, njia ipi haipitiki masika. Wetu wa leo wanafika saa nne asubuhi na saa kumi jioni wameshapiga picha na kuondoka.

Na maandiko yao yenyewe yanawapa mfano. Kumbukeni habari ya Ruthu. Mjane, mgeni, amehama na mama mkwe wake, hana kitu. Boazi hakumwandalia semina ya siku tatu. Alimfungulia shamba, akawaambia vijana wake wamwachie masuke makusudi na wasimsumbue. Yaani alimpa nafasi ya kufanya kazi pale palipokuwa na mavuno. Waislamu nao wana zaka, na miongoni mwa makundi manane yanayostahili kupewa yumo mwenye deni. Hebu fikiria mama aliyehamishwa akilipiwa deni la mkopo wake badala ya kupewa cherehani la ishirini...

Mfano wa hapa nyumbani pia upo. Bandari ya Dar ilipopanuliwa, maelfu ya watu waliondolewa Kurasini kati ya 2007 na 2008. Baadhi yao, wengi wakiwa wapangaji wasiostahili fidia, walikuwa tayari kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la maskini wa mijini, wakisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives. Walichangishana wakanunua ekari 30 Chamazi, wakafyatua matofali wenyewe, wakajenga kwa mikopo wanayorejesha. Haikuwa pepo. Chamazi ni mbali na mjini, na umbali uliwatesa nao. Lakini walihama wakiwa kikundi, na sanduku lao la akiba walihama nalo. Kina mama wa Mabwepande walihama kila mtu na godoro lake.

Rafiki yangu mmoja mwinjilisti, nilipomweleza haya jana jioni, alinikatisha. "Mwandishi, kanisa si serikali. Sisi hatupangi ruti za daladala wala hatujengi masoko."

Sawa, mtumishi. Lakini mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa Kwaresima, wa KKKT wakatoa wa Pasaka, na nchi nzima ikasikia, Ikulu ikiwemo. Viongozi wa dini wakitaka kusikika wanasikika. Siku watakaposimama kusema "msihamishe familia hata moja kabla ya soko na usafiri kufika huko", watakuwa wamehubiri kuliko spika zote za Jumamosi. Na wakati wanasubiri kujibiwa, watoe ukumbi wa kanisa ukae kikoba, lile sanduku la kufuli tatu, na Muislamu awe na ufunguo mmoja. Walipe nauli ya miezi sita ya mwanzo, maana hiyo ni mtaji kuliko batiki. Na unga ugawiwe kwanza, mahubiri yafuate kwa anayetaka kubaki.

Nasema haya sasa kwa sababu kazi haijaisha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za mradi wa bonde la Msimbazi, na tangu hapo wakazi wengi wamelipwa fidia na kubomoa nyumba zao. Kina shangazi wengine wanahama tena, na huko waendako Coaster zitawafuata.

Leo asubuhi nilimpigia shangazi nikamweleza kuhusu sadaka ya huku kwao. Alinyamaza kidogo, akauliza bibi wa noti ya 1000 ni wa ukoo gani. Kisha akasema, "Waambie wasiache kutoa. Ila wamuulize mtu kwanza anahitaji nini."

Kabla ya kuondoka Chitete nitapita kwa mchungaji nimfikishie ujumbe huo. Nanyi mlioko Dar, mnaovaa zile fulana za Jumamosi, naomba kuwasilisha.