Daluga kuchanika si kosa, kosa ni kukosa kinga ya ugoko

TANGU Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019 na Simba na Yanga zianze kufunga safari hadi Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, vijana wa bonde la Mbwemkuru wanajua kwamba njia ya kufika juu ipo. Tatizo ni pale inapoanzia: viwanja vya vumbi vya Ruangwa na Nachingwea, ambako daluga ni za kuazimana na kinga za ugoko hazionekani kabisa.

Ugomvi wake unajulikana. Mchezaji anavukwa na daluga iliyoachia soli, anapiga na mguu peku, bao. Wapinzani wanamzonga refa likataliwe. Nani yuko sahihi?

Sheria ya 4 inajibu. Kiatu au kinga ikimtoka mchezaji kwa bahati mbaya, anatakiwa kuvaa haraka, mwisho wake ni pale mpira unapotoka nje. Akifunga kabla ya hapo, bao ni halali.

Hakuna pia kifungu kinachodai kiatu kipya. Kinachokatazwa ni kifaa cha hatari. Daluga iliyoshonwa na fundi haina shida, ila yenye meno yaliyovunjika na kubaki ncha kali inamtoa mtu nje akabadilishe. Kurudi ni mpaka akaguliwe na refa aruhusu. Akiingia kienyeji, anakula njano.

Kwenye kinga za ugoko hakuna mjadala. Sheria inaruhusu vyama vya soka vya nchi kupunguza uwanja, magoli, mpira na muda kwa mechi za vijana na za mitaani. Kinga haimo kwenye orodha hiyo. Tangu msimu wa 2024/25, IFAB imeweka wazi kwamba ukubwa na ubora wa kinga ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Kipande cha boksi ndani ya soksi kinaweza kumpita refa, lakini hakizuii teke.

Kwenye softiboli kesi kama hizi humalizwa mapema. Magongo hukaguliwa kabla ya mchezo, lenye ufa au lililobonyea linawekwa pembeni, na anayeingia kupiga na gongo lisiloruhusiwa anahesabiwa ametolewa. Watu wanacheza wakijua moja.

Soka la vijijini linaweza kufanya hivyo hivyo. Refa apitie miguu ya wachezaji wote kabla ya filimbi. Waandaaji wanaopata hela ya mbuzi wa bingwa watenge na ya jozi 22 za kinga, zivaliwe na kurudishwa, mechi hadi mechi.

Mchezaji wa Namungo akivunjika mguu, klabu ina daktari. Kijana wa kijijini akivunjika, anapoteza ndoto ya Ligi Kuu na msimu mzima wa korosho shambani kwao.