Chombo Kwanza, Redio Baadaye

Mwanafunzi, ukisimama ufukweni Bagamoyo wakati maji yamekupwa, utaona ngalawa na mashua zimelala ubavu juu ya mchanga. Pengine utasikia pia nyundo za mafundi wanaotia kalafati. Watoto wa huko, kama wenzao wa Kunduchi, Mlingotini na Saadani, hujiundia vyombo vyao vidogo kwa kandambili zilizochakaa, makumbi ya nazi au kipande cha mti mwepesi, wakavitweka tanga la kitambaa. Siku hizi vimeingia vyombo vya kuchezea vya aina nyingine. Hivi huendeshwa kwa mota na betri, na huongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama nchi kavu.

Wako watu wazima wasemao kwamba chombo kama hicho ni cha kununuliwa dukani, na kwamba mtoto wa darasa la tano hawezi kukiunda. Mimi siafiki. Naamini aweza, na akiwa mtoto wa pwani basi anayo nusu ya elimu inayotakiwa kabla hajagusa waya hata mmoja. Lakini naona pia kwamba wengi wanaojaribu huanzia mwisho. Hushughulikia redio kwanza, na chombo chenyewe wakakiacha kiwe liwalo. Ndipo kinapinduka mbele ya marafiki, na lawama zote hutupiwa betri.

Ufundi huu si mgeni duniani. Mwaka 1898, katika mji wa New York, Marekani, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo yenye betri iliyokwenda na kugeuka bila kuguswa. Wakati huo hapakuwa bado na stesheni yoyote ya redio ya kutangaza habari wala nyimbo. Kwa hiyo mashua ilitii redio kabla ya binadamu kuanza kusikiliza taarifa ya habari. Jambo hilo hunifurahisha kila nilikumbukapo.

Sasa tutazame chombo. Umekwisha kujifunza kwamba kitu huelea kinapoyasukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Tuseme chombo chako kitupu kina gramu 700, na mzigo wake, yaani mota, betri na redio, una gramu 500. Jumla ni gramu 1,200. Katika maji ya kisima kitazama mpaka kimesukuma lita 1.2 za maji, kisha kitatulia. Baharini kitaelea juu kidogo zaidi, kwa maana lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo kijaribu kwanza katika karai la maji ya kisima. Kikielea vema humo, baharini hakitaelea vibaya zaidi.

Je, utajuaje kabla ya kukitia mzigo kwamba kitaubeba? Jaza maji ndani ya chombo chenyewe kwa kipimo cha lita. Chombo cha uzito niliousema kikijaa kabla ya lita 2, mimi ningekiacha na kuchonga kingine. Kinaweza kuelea karaini, lakini ukingo wake utakuwa karibu mno na maji, na wimbi dogo tu litaingia ndani. Wenye haraka hawapendi kusikia shauri hili.

Kuhusu umbo, shauri langu ni ngalawa. Mwili wa ngalawa huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe. Ni mwembamba, na peke yake ungepinduka upesi. Lakini kila upande kuna ndubi, yaani ubao unaoelea, ulioshikwa na miti iliyolala juu ya mwili. Chombo kikiinama kulia, ndubi ya kulia huzama na kusukumwa juu na maji, na chombo hurudi wima. Mwili wenye urefu wa sentimeta 60, upana 10 na kina 8 watosha. Ungekuwa sanduku, ungechukua lita 4.8. Kwa kuwa umechongoka omo na tezi, na chini umeviringwa, utachukua kama nusu ya hizo. Kazi ya patasi na tezo ifanyike mbele ya mtu mzima anayeijua. Kama una fundi jirani, keti naye kwanza siku mbili tatu, ukatazame jinsi anavyofumba jicho moja na kulinganisha pande mbili za chombo.

Ukiunda kwa mbao badala ya gogo, hapana budi kuziba nafasi kati ya mbao. Mafundi wa pwani hushindilia pamba iliyolowekwa katika mafuta. Hiyo ndiyo kalafati. Pamba ikilowa maji huvimba na kubana. Hata chombo cha gogo kina tundu moja la hatari, nalo ni lile la mhimili wa rafadha. Spoki ya baiskeli hufaa kuwa mhimili. Ipitishe katika mrija mwembamba, na mrija huo ujaze grisi. Grisi huuacha mhimili uzunguke, na huzuia maji yasiingie. Rafadha yaweza kukatwa katika bati la mkebe, mabawa mawili yaliyopindwa kidogo kinyume, kingo zikalainishwa kwa tupa.

Betri ni nzito kuliko vitu vyote vilivyomo. Wengi huziweka juu ili zipatikane kwa urahisi. Nahodha wa jahazi hufanya kinyume: hupanga farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa tumboni, ili chombo kisiyumbe. Betri zako ndizo farumi yako. Zilaze chini, katikati ya upana, zisogeze mbele na nyuma mpaka chombo kikae sawa, kisha zirudishe nyuma kidogo ili rafadha izame. Omo ikiwa nzito, chombo kitachimba maji.

Baada ya hapo ndipo redio. Sioni sababu ya kununua mpya. Tafuta gari la kuchezea la rimoti lililovunjika magurudumu, kwani mara nyingi mitambo yake ingali mizima. Ndani utapata kipokezi, mota ya kuendeshea na mota ya kugeuzia. Mota ya kwanza iunganishe na spoki kwa kipande cha mpira mwembamba. Ya pili iunganishe na usukani kwa waya mgumu. Betri nne za tochi, kila moja ya volti 1.5, zikiungwa mfululizo hutoa volti 6. Angalia kwanza gari lenyewe lilitaka volti ngapi. Rafadha ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili za mota.

Magari mengi ya zamani hutumia mawimbi ya megahezi 27, ambayo urefu wake ni kama meta 11. Mengi ya siku hizi hutumia gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni sentimeta 12 na nusu hivi. Yote husafiri upesi sana hewani, bali katika maji ya chumvi hufifia mara, kwa sababu maji hayo hupitisha umeme. Basi waya wa kupokelea mawimbi usiulaze tumboni mwa chombo. Usimamishe kwenye kijiti, kama mlingoti. Kwanza mpe mwenzako chombo akishike nchi kavu, nawe urudi nyuma hatua kwa hatua huku ukibonyeza, mpaka usukani uache kutii. Majini usikipeleke hata nusu ya hatua hizo. Ukirudi nyumbani, suuza kila kitu cha chuma kwa maji baridi na ukikaushe; chumvi hula nyaya haraka.

Limebaki jambo ambalo siwezi kulipita upesi, nalo ni mahali na saa. Usiende kwenye mlango wa mto Ruvu, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kwa kuwa mto huo una viboko na mamba. Ufukweni, usikitie chombo majini asubuhi wakati wa umande, kwa sababu upepo huo hutoka nchi kavu na utakipeleka nje. Ngoja matlai, upepo utokao baharini. Chagua siku za maji mafu, wala si za bamvua, na saa ambayo maji yanajaa. Hapo upepo na maji vyote vitakirudisha kwako, hata betri zikiisha. Bahari ya Bagamoyo hupwa mbali, na mtoto anayefuata chombo chake kwa miguu katika maji ya magotini aweza kujikuta yu mbali na nchi kavu wakati maji yanapogeuka.

Katika safari za kwanza, funga mshipi wa kuvulia kwenye tezi, mbali na rafadha, na mwenzako aushike. Mshipi ukikatika na chombo kikaondoka, kaa pale ulipo, ukitazame kimeelekea wapi, kisha uwaambie wavuvi. Wao hurudi na maji.