Chanjo ya Homa Haitabisha Hodi

Hapa kambini mtu akisema "ni homa tu," mazungumzo yameisha. Anapewa chai ya tangawizi, anajifunika shuka, kesho yuko soko la Hagadera anapeana mikono na watu hamsini. Ukimwambia akae nyumbani unaonekana una kiburi. Basi leo niiteni mwenye kiburi.

Nianze na sifa kwanza, maana tunastahili. Ile hadithi ati watu wa Garissa na wakimbizi wanakimbia sindano, mimi siikubali. Mei 2013 polio ilipothibitishwa hapa Dadaab, kampeni zilifuatana mpaka Desemba, watoto wakapewa matone na sindano kwa pamoja. Kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 2022, Februari 2023 ikaja chanjo ya kunywa, tukainywa wakubwa kwa wadogo. Julai mwaka huo huo polio ikatajwa tena Hagadera, Agosti matone yakarudi. Wahudumu walipita bloki kwa bloki kwenye jua lile mnalolijua, kidole cha mtoto kinapakwa wino, mlangoni kunaandikwa kwa chaki. Hooyo wengi walifungua mlango. Wachache walikataa, ndiyo, lakini Nairobi pia wako wanaokataa na hakuna anayewaandika.

Sasa shida yangu iko hapo hapo kwenye hodi. Tumezoea chanjo ije nyumbani kama mgeni. Isipokuja, tunadhani hakuna hatari. Na homa haijatangaziwa kampeni hata siku moja.

Enyewe hata jina linatuchanganya. Ile ya kupiga chafya siku mbili na ile influenza inayokulaza, mwili mzima unauma mpaka kope, zote tunaita homa. Lakini virusi vya influenza viko hapa, si maneno ya mitandao. Kati ya 2007 na 2010 watafiti walichukua sampuli za pua na koo kwa wagonjwa wa Dadaab na Kakuma, wakavipata, pamoja na virusi vingine vya kifua. Kwa kijana kama mimi ni wiki moja ya kulalamika. Kwa mtoto wa miezi minne, mama mjamzito, ayeeyo mwenye pumu, ni habari nyingine kabisa. Influenza inachosha mapafu, halafu nimonia inaingia nyuma yake. Na sisi tunaishi vipi? Watu saba kwenye chumba kimoja cha mabati, moshi wa kuni hapo nje, vumbi siku nzima. Duksi watoto wamekaa magoti yanagusana. Siku ya mgao foleni ni bega kwa bega.

Chanjo yenyewe ipo duniani, na inabadilishwa kila mwaka kwa sababu kirusi nacho hubadilika. Kenya, wataalamu wa kitaifa wa chanjo walipendekeza tangu 2016 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe. Bado haijaingia kwenye ratiba ya kawaida ya mtoto. Mwenye pesa anaitafuta hospitali ya kulipia mjini. Hapa utaitafuta wapi? Hili nawaambia wakubwa wa afya wa kaunti na mashirika: kama hamwezi kuchanja watu wote zaidi ya laki tatu, anzeni na wajawazito na wahudumu wa afya. Hao wanajulikana, wanahesabika, na wako kliniki tayari.

Halafu kuna kitu kinanichekesha. Mzee yule yule anayesema sindano ni njama, akipata nafasi ya kwenda Hija anakunja mkono wa kanzu bila swali. Chanjo ya uti wa mgongo ni lazima, ya mafua inapendekezwa, na anachoma zote akiambiwa. Kwa nini? Kwa sababu anajua kule kuna msongamano. Awoowe, walahi hapa pia kuna msongamano.

Tukisubiri wakubwa, kuna yaliyo mikononi mwetu. Kijitabu cha kliniki cha mtoto, kitoeni huko kwenye sanduku mkiangalie. Chanjo ya nimonia imo kwenye ratiba tangu 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ni bure. Surua ni miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo naona inaachwa sana mtaani kwetu, kwa sababu mtoto anatembea, anakimbiza mbuzi, mama anaona ameshapona dunia. Hizi hazizuii influenza, tusidanganyane, lakini zinaziba njia ambazo mtoto aliyechoshwa na homa angepitia kuumia zaidi.

Na jambo la adabu. Kwetu mtoto mchanga anapitishwa mkono kwa mkono, kila mgeni ambusu. Mwenye kikohozi aseme salamu kutoka kwenye mkeka, atosheke. Kohoa kwenye kiwiko. Nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Mwalimu wa duksi, mtoto anayetiririka kamasi na mwili moto mrudishe nyumbani siku tatu nne, sura ataikuta. Fungueni dirisha asubuhi hata kama vumbi linaingia. Na mtoto akianza kupumua haraka, mbavu zinaingia ndani, au akakataa kunyonya, msimalizie kwanza dawa ya duka. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Najua kliniki ni mbali kwa wengine na foleni inaudhi. Nendeni mapema, jua halijawa kali, siku ambayo si ya mgao.